Wazazi mlioko Marekani: hivi ndivyo nafasi za shule za umma zinavyogawanywa, msizipoteze kwa kuogopa orodha

Mkalimani_BX (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Naishi Bronx, New York. Kila msimu wa Oktoba na Novemba jioni zangu nyingi huishia kuwasaidia wazazi wanaozungumza Kiswahili kujaza maombi ya shule za watoto wao: Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya. Kuna jambo moja linajirudia mwaka hadi mwaka, na linaniuma kwa sababu linafanywa na wazazi makini kabisa, wanaokaa chini na kupiga hesabu. Mzazi ana shule anayoipenda kuliko zote, mtoto naye anaitaka hiyo hiyo, halafu wanaiweka ya nne au wanaiacha nje ya orodha. Ukiuliza kwa nini, jibu ni hili: "Hiyo inagombewa sana. Nikiiweka ya kwanza nikaikosa, zile nyingine zitakuwa zimeshajaa."

Kwa New York hilo si kweli. Nimeona niandike kwa kirefu, maana mzazi akiambiwa tu "weka unayoipenda kwanza" hawezi kuamini, na ana haki ya kutoamini mpaka aone kompyuta inafanya nini na orodha yake. Nitaweka vipande kadhaa, mniache nimalize kisha mniulize.

Mkalimani_BX

Kwanza muelewe kwamba nchi hii haina wizara inayopanga watoto shuleni. Kila wilaya ya elimu ina bodi yake na utaratibu wake. Ushauri uliomsaidia binamu yako Texas unaweza kukuharibia wewe Massachusetts. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa, uliza kwanza mji wako unatumia utaratibu gani.

Sehemu nyingi mtoto anakwenda shule ya mtaa anakoishi, basi, hakuna mjadala. Shida inaanza pale familia zinaporuhusiwa kuchagua, au pale shule moja inapotakiwa na watoto mara kumi ya nafasi ilizonazo. Hapo wilaya lazima iamue nani ana kipaumbele: mwenye kaka au dada anayesoma pale, anayeishi karibu, mwenye alama nzuri, mtoto wa familia ya kipato cha chini, anayejifunza Kiingereza, asiye na makazi ya kudumu. Watoto wakilingana kwa kipaumbele, lazima pawe na njia ya kuwatenganisha, na mara nyingi njia hiyo ni bahati nasibu. Kisha inabaki kanuni ya kuoanisha orodha za familia na nafasi za shule.

Wazazi wengi wanahangaika na bahati nasibu na kusahau hayo mengine mawili. Hiyo kanuni ya kuoanisha ndiyo inayoamua kama kusema ukweli kutakuumiza au la. Na vipaumbele vinatungwa na watu, kwenye vikao ambavyo wewe na mimi tuna haki ya kuhudhuria.

Mkalimani_BX

Nianze na New York. Kabla ya 2003, mtoto wa darasa la nane alikuwa anaandika sekondari zisizozidi tano. Fomu zinakwenda shuleni, shule zinaangalia, na shule nyingi zilikuwa zinaona mtoto ameziweka namba ngapi. Mwalimu mkuu akiona shule yake imewekwa ya tatu, anakupita. Wakuu wengine walikuwa wanaficha idadi halisi ya nafasi ili baadaye wajichagulie wenyewe. Matokeo yake maelfu ya watoto walikuwa na barua mbili tatu mkononi huku wengine hawana hata moja. Watoto wapatao 30,000 kwa mwaka walikuwa wanaishia kupelekwa shule ambayo hawakuiandika kabisa.

Idara ya elimu ya jiji ikamtafuta Alvin Roth, profesa wa uchumi ambaye alikuwa ameshasanifu upya mfumo unaowapanga madaktari wapya kwenye hospitali za Marekani. Alifanya kazi na Atila Abdulkadiroğlu na Parag Pathak. Wakachukua wazo lililochapishwa mwaka 1962 na wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, wakalirekebisha lifae sekondari za jiji. Mwaka wa kwanza wa utaratibu mpya, watoto waliokosa shule zote walizoandika walishuka hadi kama 3,000. Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Gale alikuwa ameshafariki.

Kutoka 30,000 hadi 3,000.  Kilichobadilika zaidi ni utaratibu wa kugawa. Ndiyo maana nalichukulia jambo hili kwa uzito.

Mkalimani_BX

Sasa mfano. Shikeni kalamu.

Watoto ni watatu: Asha, Baraka na Chausiku. Shule ni tatu, kila moja ina nafasi moja: Kilima, Mto na Bonde. Bonde hakuna anayeitaka.

Asha anataka Kilima, kisha Mto, kisha Bonde. Baraka naye anataka Kilima, Mto, Bonde. Chausiku anataka Mto, Kilima, Bonde.

Bahati nasibu imempa Baraka namba bora, Chausiku anafuata, Asha wa mwisho. Ila Asha anaishi jirani na shule ya Mto, na Mto inatoa kipaumbele kwa watoto wa jirani.

Utaratibu wa zamani, ule ambao wataalamu wanauita wa Boston, unakwenda hivi. Raundi ya kwanza kila shule inaangalia walioiweka ya kwanza tu. Kilima ina Asha na Baraka. Baraka ana namba bora, anachukua, imefungwa. Mto ina Chausiku peke yake, anachukua, imefungwa. Raundi ya pili Asha anakuja Mto. Anaishi jirani, ana kipaumbele, lakini mlango umeshafungwa. Anapelekwa Bonde. Asha ameumia kwa sababu moja tu, kusema ukweli kwamba anaipenda Kilima. Angedanganya na kuiweka Mto ya kwanza, angeipata. Kwa utaratibu huu wazazi wanaopiga hesabu wako sahihi kabisa kuogopa.

Utaratibu wa Gale na Shapley unaanza vile vile, ila shule haifungi mlango, inamshikilia mtoto kwa muda tu. Kilima inamshikilia Baraka, inamwachia Asha. Mto inamshikilia Chausiku. Asha anakuja Mto. Mto inawalinganisha Asha na Chausiku bila kujali nani alifika kwanza wala nani aliiweka namba ngapi. Asha ni jirani, kwa hiyo Mto inamshikilia Asha na kumwachia Chausiku. Chausiku anakwenda Kilima. Pale Baraka ana namba bora kuliko yeye, anakataliwa, anaishia Bonde. Hakuna tena wa kuhama. Sasa ndipo milango inafungwa.

Tazameni kilichomtokea Asha. Alijaribu Kilima, akaikosa, na kujaribu huko hakukumpunguzia chochote Mto. Fanyeni tena wenyewe kwa karatasi, badilisheni majina, badilisheni namba. Mtaona kwamba kuiweka juu shule unayoipenda hakukupunguzii nafasi kwenye zile za chini yake.

Mzazi_Mpya

Shikamoo dada. Asante sana kwa uzi huu. Mtoto wangu yuko darasa la nane, tumeingia juzi kwenye tovuti ya MySchools tukaona kuna namba ndefu ajabu, mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Hiyo ni ya nini?

Mkalimani_BX

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ndiyo namba yake ya bahati nasibu. Ina tarakimu na herufi 32, kuanzia 0 hadi 9 kisha a hadi f. Usihangaike na zote, angalia mbili za mwanzo. Ikianza na 0 uko kwenye sehemu bora kabisa. Ikianza na 7 au 8 uko katikati. Ikianza na f uko mkiani. Namba ni moja kwa shule zote alizoomba, hapewi nyingine kwa kila shule.

Kwa miaka mingi wazazi hawakuonyeshwa namba hii. Ilibidi wengine waidai kwa kutumia sheria ya haki ya kupata taarifa, na Amélie Marian, profesa wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Rutgers ambaye naye ni mzazi, akajitolea kuwafafanulia wenzake namna ya kuisoma. Sasa kila mzazi anaiona kabla hajatuma maombi.

Namba mbaya haibadilishi mpangilio wa orodha. Inabadilisha urefu wake. Mwenye namba inayoanza na e au f aweke bado anazozipenda juu, lakini chini aongeze programu (yaani mikondo ya masomo, shule moja inaweza kuwa nayo kadhaa) ambazo mwaka uliopita waombaji walikuwa wachache kwa kila nafasi, au zile ambazo yeye ana kipaumbele. MySchools inaonyesha kila programu ilikuwa na waombaji wangapi kwa nafasi moja. Jiji lina sekondari zaidi ya 400 na programu zaidi ya 700. Mzazi anayeandika tatu peke yake anajiweka kwenye hatari bila sababu.

Kisha kumbuka si kila programu inatumia namba hiyo peke yake. Zipo zinazowaweka watoto kwenye makundi kwa wastani wa alama za darasa la saba, na namba inatenganisha walio kundi moja. Zipo za sanaa zinazotaka usaili.

Hesabu_Tu

Mleta mada umeeleza vizuri, ila mimi sikubaliani na bahati nasibu yenyewe. Mtoto amekesha na vitabu, ana alama 98, halafu anakosa shule kwa sababu namba imeanza na d? Nyumbani tulifundishwa ukisoma unapata. Ndiyo maana mimi binti yangu namwandaa kwa mtihani wa shule maalumu, mambo ya namba niwaachie wengine.

Mkalimani_BX

Mkuu nakuelewa, na binti yako namwombea heri. Kwa wasiojua: New York ina sekondari nane zinazochukua watoto kwa mtihani mmoja tu, unaitwa SHSAT. Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech ndizo kongwe zaidi, na kwa hizo tatu mtihani umewekwa na sheria ya jimbo ya mwaka 1971, ndiyo maana meya hawezi kuufuta peke yake. Watoto zaidi ya 25,000 huufanya kwa mwaka, wanaopata nafasi ni kama 4,000. Mtihani hauangalii unaishi wapi wala wazazi wako wanamjua nani. Hilo ni jambo jema na silidharau. Watoto wengi wa wahamiaji maskini wamepita mlango huo.

Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 2019 Stuyvesant ilitoa nafasi 895 na watoto weusi walikuwa 7. Siamini, na naamini wewe pia huamini, kwamba watoto weusi wenye akili jijini walikuwa 7. Wapo ambao hawakuwahi kuambiwa kwamba mtihani upo mpaka umeshapita. Wengine waliambiwa wiki chache kabla, huku wenzao wakiwa wamesoma masomo ya ziada tangu darasa la sita. Kwa hiyo "ukisoma unapata" ina sharti lililojificha, kwamba mtu akuambie mapema usome nini.

Na jambo moja la vitendo: kufanya SHSAT hakuondoi haja ya kujaza orodha ya shule za kawaida. Jaza vyote.  Usiache orodha tupu kwa kutegemea mtihani.

Hesabu_Tu

Hilo la kujaza vyote viwili sikulijua. Ahsante. Lakini bado nauliza, hakuna mji uliopata njia ya katikati? Ama mtihani mtupu ama bahati nasibu tupu?

Mkalimani_BX

Upo, Chicago. Kule sekondari zao za kuchuja zinatumia alama za darasani na mtihani. Ila jiji limegawanywa katika madaraja manne kwa kuangalia mtaa: kipato cha familia, elimu ya watu wazima, kumiliki nyumba, kaya zenye mzazi mmoja, lugha inayozungumzwa nyumbani, hali ya shule za hapo. Asilimia 30 ya nafasi zinakwenda kwa wenye alama za juu kabisa jiji zima. Asilimia 70 zinagawanywa sawa kwa madaraja manne, kila daraja likishindana lenyewe kwa lenyewe. Mtoto wa mtaa maskini anapimwa na mtoto wa mtaa maskini mwenzake. Mimi napenda njia hiyo: bidii inahesabiwa, na pale mtu alipoanzia panahesabiwa.

Huenda mkajiuliza kwa nini wanazungukia mtaa badala ya kuangalia rangi moja kwa moja. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi za Seattle na Louisville kwa pamoja, ikazuia wilaya kumpangia mtoto mmoja mmoja shule kwa kuangalia rangi yake. Tangu hapo wilaya zinatumia mtaa na kipato.

Chicago hiyo hiyo ina funzo jingine. Mwaka 2009 walikuwa wameshakusanya orodha za watoto kwa utaratibu wa ule mtindo wa Boston, wakagundua watoto wenye alama za juu wanakosa shule kwa sababu tu ya namna walivyopanga orodha. Wakabadili kanuni katikati ya msimu na kuwaambia watoto wapange upya. Uingereza walikuwa wameshapiga marufuku utaratibu wa aina hiyo mwaka 2007, kwenye kanuni za udahili za nchi nzima.

KakaDorchester

Nimefurahi umetaja Boston maana ndiko niliko, na watu wa hapa wengi hawajui historia ya jina hilo.

Boston ilitumia utaratibu huo mbovu mpaka 2005. Kulikuwa na kikundi cha wazazi upande wa magharibi wa jiji kilichokuwa kinakutana kupeana mbinu: shule ile inagombewa, usiiweke ya kwanza, weka hii ambayo si maarufu sana lakini ni nzuri. Wenye muda wa vikao na Kiingereza cha kutosha wakawa wanapata, na mama anayefanya kazi ya usiku hospitalini, ambaye ameandika ukweli wake, anaanguka. Wakina Pathak na Roth walipokuja kuwaonyesha, kamati ya shule ikapiga kura mwaka 2005 ikahamia kwenye utaratibu wa kushikilia kwa muda. Sababu iliyowashawishi viongozi ilikuwa hiyo hasa, kwamba mzazi asiye na mbinu asiadhibiwe.

Lakini dada yangu umesema vipaumbele vinatungwa na watu. Nikupe kisa cha hapa ambacho kinaonyesha vinaweza kutungwa na visifanye kazi. Kwa miaka mingi nusu ya nafasi za kila shule zilitengwa kwa watoto wanaoweza kwenda kwa miguu, nusu nyingine wazi kwa wote. Kila mtu aliamini watoto wa jirani wanapendelewa. Wachumi walipochunguza wakakuta upendeleo karibu haupo.

Mzazi_Mpya

Hilo linawezekanaje kaka? Nusu nzima ni yao.

KakaDorchester

Sikiliza. Mtoto wa jirani anaweza kuingia kwa nafasi za jirani au kwa nafasi za wazi. Kompyuta ilikuwa inajaza kwanza zile za jirani. Nani wanaingia huko? Wale majirani wenye namba nzuri za bahati nasibu. Wakiisha kuingia, majirani waliobaki wote ni wenye namba mbaya, na ndio wanaopelekwa kushindana kwenye zile za wazi na watoto wa mbali wenye namba nzuri. Wanashindwa. Kwa hiyo nusu ya wazi inakwenda karibu yote kwa watu wa mbali, na ukijumlisha unapata karibu idadi ile ile ambayo majirani wangepata kama kusingekuwa na kipaumbele chochote.

Kama wangejaza za wazi kwanza, majirani wenye namba nzuri wangeingia kwa uwezo wa namba zao, kisha zile za jirani zikawaokoa wenye namba mbaya. Asilimia 50 ni ile ile. Tofauti ni nani anatangulia kwenye foleni ya kompyuta, na hilo halikuwa limejadiliwa kwenye mkutano wowote. Mwaka 2013 mambo yalipowekwa wazi, msimamizi wa shule wakati ule, Carol Johnson, akapendekeza kipaumbele hicho kifutwe kuliko kuwa na ahadi ambayo haitekelezeki. Kikafutwa. Mwaka huo huo Boston ikapitisha mpango mpya ambapo orodha ya shule zako inatokana na anwani yako, kazi ambayo mchango mkubwa ulitoka kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, Peng Shi.

Mkalimani_BX

KakaDorchester ahsante sana, kisa hicho kila mzazi angekisikia. Mkienda kwenye kikao cha bodi mkaambiwa "tumetenga asilimia kadhaa kwa watoto wa aina yenu", swali la pili liwe: nafasi hizo zinajazwa kabla au baada ya zile za wazi?

Huku Brooklyn, Wilaya ya 15, wazazi na walimu walifanya mikutano mingi na mwaka 2018 ukapitishwa mpango wa kufuta vigezo vya alama kwenye shule za kati. Ikawa bahati nasibu, na asilimia 52 ya nafasi kipaumbele kwa watoto wa kipato cha chini, wanaojifunza Kiingereza, na wasio na makazi ya kudumu. Hata mikutano hiyo haikuja yenyewe, kuna waliokwenda kukaa kwenye viti vya baridi mpaka saa nne usiku.

Mwana_Uvira

Jambo kwa wote. Aksanti sana mama kwa maelezo. Mimi niko Louisville, Kentucky, sisi Wakongo tuko wengi hapa na Kiswahili tunakisikia mpaka kwenye basi. Shida yetu si kupata jina la shule, shida ni kufika. Mtoto alipata shule nzuri ya mbali, halafu basi likaondolewa. Mimi naingia kazini saa kumi na moja asubuhi. Mtoto atafikaje?

Mkalimani_BX

Pole sana kaka. Hilo lako ni zito na halitatuliwi na kanuni ya kompyuta.

Kwa wengine: Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule huko Louisville, mpango mpya wa mabasi ulivurugika mpaka watoto wa mwisho wakafika nyumbani karibu saa nne usiku, na shule zikafungwa kwa siku kadhaa. Madereva walikuwa hawatoshi. Aprili 2024 bodi ikapiga kura kuondoa mabasi kwa shule nyingi za kuchagua. Kwenye karatasi mtoto bado ana nafasi, lakini kwa baba anayeingia kazini alfajiri nafasi hiyo imechukuliwa.

Kaka, mambo mawili. Muulize mratibu wa shule kama mwanao anaingia kwenye kundi ambalo sheria inalazimisha apewe usafiri: mwenye mpango wa elimu maalumu unaotaja usafiri, au familia isiyo na makazi ya kudumu. Kwa hao wa pili ipo sheria ya nchi nzima tangu 1987, McKinney-Vento, na wanaokaa kwa ndugu kwa sababu wamepoteza nyumba wanahesabiwa. Pili, una haki ya kuletewa mkalimani wa Kiswahili kwenye mazungumzo hayo bila kulipa. Usikubali mtoto ndiye akutafsirie.

Na kwa wanaochagua sasa: kabla hujaiweka shule juu, piga simu uliza basi. Kupanga kwa ukweli maana yake ni shule ambayo mtoto ataweza kuhudhuria Januari kwenye theluji.

Ilala_Boy

Nawasoma kutoka Dar. Huku mtoto akimaliza kidato cha nne, TAMISEMI, yaani serikali, wanampangia kidato cha tano kwa matokeo na tahasusi (michanganyiko ya masomo) alizojaza. Nilidhani Marekani kila mtu anajichagulia anavyotaka, kumbe nako wanapangiwa na kompyuta.

Mkalimani_BX

Ndiyo kaka, na wazazi wanaotoka nyumbani wanakuja na mazoea mawili yanayopingana. Wapo wanaosubiri kupangiwa, hawajazi chochote, wanadhani serikali itajua alama za mtoto. Wapo wanaotafuta mtu wa kumwona ofisini. Yote mawili yanawagharimu. Fomu isipojazwa, mtoto anapewa kilichobaki.

Mzazi_Mpya

Dada, kuna mama hapa jengoni kwetu anaogopa kujaza kwa sababu karatasi zake za uhamiaji hazijakaa sawa. Anaogopa wataulizia.

Mkalimani_BX

Mwambie ajaze leo. Tangu 1982 Mahakama Kuu iliamua, kwenye kesi ya Plyler iliyotoka Texas, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Shule inaomba uthibitisho wa makazi, umri wa mtoto na chanjo. Haipaswi kumwuliza viza wala namba ya hifadhi ya jamii ili kumwandikisha. Akiulizwa, asijibu, na atafute shirika la kutetea wahamiaji au aniandikie hapa niende naye. Kama anaogopa kuingia mtandaoni peke yake, aende kwa mshauri wa shule anayosoma mtoto sasa, au kituo cha kupokea familia cha idara ya elimu cha hapo karibu.

Mzazi_Mpya

Nitamwambia jioni hii. La mwisho dada: tukipata shule ya tano kwenye orodha, tukiikubali tunapoteza zile nne za juu?

Mkalimani_BX

Hapana. New York mtoto anaingia mwenyewe kwenye orodha ya kusubiri ya kila programu aliyoiweka juu ya ile aliyoipata. Kukubali hiyo ya tano hakumwondoi wala hakumshushi kwenye foleni hizo. Kwa hiyo majibu yakitoka, kwa kawaida Machi, kubali kwanza ili awe na pa kwenda. Kisha fungua MySchools uangalie ni wa ngapi kwenye kila orodha ya kusubiri, uangalie tena Aprili na Mei, maana familia zinahama na nafasi zinafunguka. Hakikisha namba ya simu na barua pepe mlizoandika ndizo mnazotumia kweli. Wakiitwa wanapewa muda mfupi wa kujibu, na ukipita wanamwita anayefuata.

Kama mna orodha tayari na mnataka mtu aipitie kabla ya tarehe ya mwisho ya Desemba, wekeni hapa majina ya programu bila jina la mtoto. KakaDorchester naomba usaidie wa Boston, mimi nitabaki na wa New York.